Mguu Wangu, Masikio ya Yustino

Tangu nirudi kutoka ziwani, kila ninayekutana naye kwenye njia ya mashineni ananiuliza swali lile lile: "Mzee Longino, ulifuata nini huko, na mbona umerudi na kikapu cha samaki badala ya cheti?" Nimechoka kujibu vipande vipande huku nimesimama kwa mguu mmoja. Nimeamua kuandika. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe na mwanawe, maana siku hizi tunachangia ada na madawati, na angalau hilo litufae.

Habari za fomu naziruka. Inatosha mjue kwamba sisi tuliopigana vita vya Uganda tukarudi na vilema tuliambiwa tunaweza kuomba malipo ya ulemavu. Cheti changu cha hospitali kilikuwa kimeliwa na mchwa, au na mtu, karani hakuwa na hakika. "Basi lete maelezo ya askari mwenzako aliyekuona ukiumia," akaniambia. "Siyo mkeo, siyo padri. Aliyekuwepo." Walioniona nikiumia walikuwa wawili. Mmoja tumekwisha kumzika. Wa pili, Yustino, ni Mnyasa wa Chiwanda, kule karibu na mpaka wa Msumbiji, na sikuwa nimemtia machoni tangu vita viishe, miaka kumi na mitano.

Mguu wangu mnaujua. Mnajua pia ulivunjwa na bomu, kwa sababu nimewasimulia kilabuni mara nyingi kuliko mlivyotaka, na baadhi yenu mmeninunulia pombe kwa ajili ya bomu hilo. Lishikeni hapo hapo, tutalirudia. Lililonitoa nyumbani ni hili: mwaka huu mke wangu alifyeka majani ya shamba la mteremko, akayalaza, kisha akachimba, peke yake. Kwetu kulaza majani ni kazi ya mwanamume, na majirani wote waliona. Mimi nilikaa juu ya mteremko nikimwelekeza mpaka akaniomba ninyamaze. Nilitaka malipo yale niajiri kibarua kabla sijaambiwa nihamie jikoni.

Mkumbi hadi Mbinga mjini

Nilipata lifti ya mnunuzi wa kahawa. Mnawajua hawa wanunuzi wapya waliotuingia tangu biashara ilipofunguliwa milango: kila mmoja na gari lake, mizani yake na miwani yake ya jua, hata siku ya ukungu. Huyu wangu alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akanikalisha mbele, akaniuliza mguu umepatwa na nini.

"Vita," nikasema.

"Pole sana mzee. Vita gani?"

"Vya Uganda."

Akaendesha kona mbili. Kisha akauliza, kwa heshima zote, "Tulishinda au tulishindwa?"

Nilimwambia tulishinda. Akasema hongera, kama mtu anayempongeza jirani aliyepata mjukuu, akaongeza sauti ya redio. Nilikasirika mpaka tukafika, halafu nikakumbuka kwamba hajanitoza nauli, hasira ikapungua.

Mbinga mjini palikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilikunywa chai kwenye hoteli ya Mzee Shaibu, ambaye babu zake walitoka Kilwa na ambaye sasa anauza chai mbele, mitumba nyuma, na katikati anapangia watu safari. Kwenye rundo lake la mitumba palikuwa na makoti ya jeshi. Siyo jeshi letu. Ya jeshi la nchi fulani ya baridi, yenye maandishi kifuani ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Vijana wa mjini walikuwa wakiyagombania. Niliona mmoja, hajawahi kubeba hata jembe, anapita na nyota tatu mabegani.

"Chukua moja, Mzee Longino," Shaibu akasema. "Lori langu la kesho halina turubai."

"Mimi nilivaa la kwetu."

"La kwetu liko wapi?"

Nilichukua koti, lilinifika magotini, na mabega yake yalikuwa ya watu wawili.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Lori lilibeba magunia ya mahindi, marobota ya mitumba, abiria kumi na watatu na mbuzi aliyefungwa vizuri kuliko sisi. Mliowahi kuteremka mlima ule wakati wa mvua mnajua kwamba barabara haiteremki, inaanguka. Mchana wa kwanza tulikwama kwenye matope mekundu, na hapo ndipo tulipolala na kushinda siku nzima ya pili.

Wanaume waliteremka kusukuma. Mimi, kwa ajili ya mguu, nilipewa kazi ya kusimama pembeni na kuhesabu moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa sauti ya kijeshi. Baada ya mara ya saba mama mmoja mwenye kapu la vitunguu alisema, "Baba, wewe ulikuwa afande nini? Maana tangu uanze kutuamrisha gurudumu linazidi kuzama."

"Nilikuwa koplo," nikasema.

"Ndiyo maana," akajibu, akaenda kukata matawi ya kuweka chini ya matairi, na lori likatoka. Watu walinicheka mpaka chini ya mlima. Yule mama alinipa hindi la kuchoma kunifariji, nami nikalila bila kumshukuru ipasavyo. Namwomba radhi hapa, ingawa najua hatasoma.

Mbamba Bay nililiona ziwa. Mimi ni mtu wa mlimani. Maji niliyoyazoea yanapita, hayakai yakikutazama. Mama ntilie aliniletea ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wao, sahani nzima, wote na macho yao. Kwetu kipande kimoja cha nyama kinatazamwa na watu wengi. Hapa nilikuwa mtu mmoja natazamwa na samaki mia. Nilikula macho nimeyafumba, na lazima niseme ukweli, niliomba nyongeza.

Mbamba Bay hadi Chiwanda

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Ikasubiri makreti ya soda ya mfanyabiashara mmoja aliyetaka kufungua duka huko kusini. Makreti yalikuja kesho yake, na mfanyabiashara hakuja, basi tukamsubiri na yeye. Nilipouliza kwa nini abiria ishirini wasubiri soda, nahodha alinitazama kwa huruma. "Mzee, soda imelipa nauli kuwazidi nyote. Abiria wakichelewa wananung'unika. Soda ikichelewa inapasuka."

Tulipokaribia Chiwanda injini ilizimika. Nahodha aliifungua, akaipuliza, akaisema vibaya. Mawimbi yalianza kutucheza, nami nikashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, nikaanza salamu Maria kwa Kimatengo, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Abiria wengine walikuwa wakila mihogo. Mzee mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nasali. Akasema, "Subiri kwanza, hapa bado ni kina cha kiunoni." Na kweli, nahodha alishuka, akasimama, maji yakamfika kiunoni, akatuvuta kwa kamba hadi karibu na ufukwe.

Kwa hiyo niliingia Chiwanda kwa kutembea ndani ya maji, nikichechemea, nimevaa koti la jeshi lisilojulikana, na maandishi kifuani. Watu wa mpakani wameona makoti mengi miaka hii ya vita vya ng'ambo, kule Msumbiji, na sijui mengine yaliwaletea nini. Wanawake waliokuwa wakianika usipa waliwaokota watoto wao wakapanda juu. Aliyebaki ni balozi wa nyumba kumi, mtu mfupi, ameshika kasia.

"Wewe ni wa upande upi?" akaniuliza.

"Wa Mkumbi!"

"Mkumbi ni jeshi gani?"

Nilivua koti, nikabaki na fulana iliyolowa, nikamweleza natoka Mbinga juu, namtafuta Yustino niliyepigana naye Uganda. Kasia likateremka taratibu. "Yustino Kiziwi?" akasema. "Huyo hajibu mtu. Twende."

Sikuwahi kumjua Yustino yeyote kiziwi. Nilimwambia labda siye.

Chiwanda

Ndiye. Alikuwa uwanjani na wenzake wakifanya mazoezi ya mganda, ngoma ile ya Wanyasa ya wanaume waliovaa kaptura nyeupe wakienda kwa hatua kama gwaride. Jeshini Yustino ndiye aliyekuwa akitufundisha. Akipiga goti chini, kikosi kizima kinapiga. Sasa alikuwa mstari wa mwisho. Macho yake hayakuinuka hata mara moja. Alikuwa akitazama miguu ya mtu wa mbele yake, na kila hatua aliichelewa kidogo.

Alipoinua kichwa aliona jinsi ninavyotembea, akanitambua kwa hilo. "LONGINO!" Alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Sikumbuki kukumbatiwa hivyo na mtu mwingine. Nikamuuliza habari za siku nyingi, akanionyesha sikio la kushoto akatikisa kichwa, akanigeuzia la kulia. "PIGA KELELE HAPA! HILI BADO LINA KIDOGO!"

Mkewe, Mama Stella, alitupikia samaki mkubwa wa ziwani, mbasa, kwa nyanya. Ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, kwa kuwa Yustino husoma midomo yake vizuri kuliko ya mtu mwingine. Nilieleza shida yangu. Yustino alifurahi kweli kweli. Alitoa karatasi ya daftari, akalamba ncha ya kalamu, akaandika muda mrefu. Kisha akasimama mlangoni apate mwanga na kutusomea alichoandika.

Mtu asiyejisikia hajui sauti yake imefika wapi. Ya Yustino ilifika ufukweni.

"MIMI YUSTINO NILIMWONA KOPLO LONGINO AKIKIMBIA JUU YA TUTA, AKATUMBUKIA KATIKA SHIMO ALILOLICHIMBA MWENYEWE, MGUU UKAVUNJIKA. MABOMU YALIANZA KUTUFIKIA BAADAYE."

Nje nilisikia mtu akicheka, kisha wengi. Balozi alichungulia dirishani, akaniuliza, "Shimo la nini, mzee?"

Sasa nalirudia lile bomu. Tulikuwa kwenye mteremko, mvua inanyesha, tukaamriwa kuchimba mahandaki. Vikosi vingine vilichimba, maji yakajaa, wakakaa humo kama viazi kwenye sufuria. Mimi nikasema, Mmatengo hafundishwi kuchimba mlima. Nikawakusanya wenzangu wa kwetu, tukafyeka majani, tukayalaza miraba miraba mteremko mzima, tukachimba katikati ya kila mraba na kufunika majani kwa udongo. Ngolo, kama za nyumbani: matuta yenye majani ndani na shimo katikati. Mvua ikanyesha usiku na mchana, maji hayakutushika. Mkubwa wetu alikuja kutazama, akasema hajawahi kuona mahandaki makavu hivi. Nilitembea siku mbili kifua mbele.

Siku ya tatu asubuhi likaja neno kwamba tunaanza kupigwa. Nikakimbia kwenda mahali pangu. Lakini ngolo zote zinafanana, na tuta la majani mabichi halibebi mtu mwenye bunduki na masanduku mawili ya risasi. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani hatukimbii juu ya ngolo. Tuta likafunguka, nikaenda chini, nikausikia mguu ukilia kama kuni. Najua mnachotaka kusema kuhusu mtu na shimo lake. Kimezeni.

Hayo nilimweleza balozi, maana ilibidi, na Mama Stella akauliza kama majani yale yanaoza yakawa mbolea. Nikasema ndiyo. Akasema basi nanyi mngepanda mahindi huko huko.

Nilimsihi Yustino. Niliandika kwenye karatasi, kwa sababu sikutaka kupiga kelele: Panga upya tu. Bomu litangulie, shimo lifuate. Yote si yalitokea? Akasoma, akanirudishia. "NIMEANDIKA NILICHOKIONA," akasema. "UNATAKA SHAHIDI AU UNATAKA MTUNZI?"

Nikakasirika. Nikatoka nje, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mama Stella alinifuata na bakuli la usipa wa kukaanga, akakaa.

"Shemeji," akasema, "mabomu yalipoanza kufika, wewe ulikuwa wapi?"

"Shimoni."

"Nani aliingia kukutoa?"

Alikuwa akijua. Yustino alikuwa salama kwenye handaki lake. Alinisikia nikipiga mayowe, akaja juu ya matuta yale yale kwa tumbo, akanishika kwapani, akawa ananivuta, na bomu likaanguka hatua chache upande wake wa kushoto. Mimi nilikuwa bado chini ya usawa wa ardhi. Udongo ulinifunika, sikupata hata mchubuko. Yeye aliniangukia kifuani. Damu ilikuwa ikimtoka masikioni, naye aliendelea kunivuta. Nililiona hilo kwa macho yangu. Kisha tukapelekwa hospitali tofauti, na nilipopona nikaanza kusimulia bomu, kwa kuwa kweli bomu lilikuwepo. Nilibadilisha tu ni la nani.

"Hapa wanamwita jeuri," Mama Stella akasema. "Wanasema alirudi vitani na kiburi, anasalimiwa haitikii. Kanisani walimtoa kwaya. Mtoto aliangukia moto nyuma yake akalia, hakusikia, nilimpiga ngumi za mgongo huyu mwanamume mpaka nikachoka. Alikwenda ofisini kuomba kama wewe. Wakamwambia lete aliyekuwepo. Akasema yuko, Longino wa Mkumbi, mguu ukipona atakuja." Alinisogezea bakuli. "Tumekungoja, shemeji. Umekuja mguu ulipokuuma."

Niliona aibu. Sina neno jingine la kuipamba. Usipa ule niliumeza kama changarawe.

Jioni ile, kabla mwanga haujaisha, niliomba karatasi nikaandika maelezo yangu juu ya masikio ya Yustino. Niliandika vizuri, ila mahali pa kusema nilikuwa wapi niliandika "karibu". Hata aibu ina mipaka yake. Mama Stella aliisoma, akanitazama, akaikunja. Yustino hakuisoma. Aliitia bahasha, akaniambia, "SASA TUMELIPANA!" Kijiji kizima kikasikia, na mimi peke yangu ndiye niliyejua si kweli.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na la ajabu isipokuwa kwamba boti iliondoka kwa wakati, jambo lililomkuta nahodha mwenyewe bado anakunywa uji. Koti la jeshi nilimwachia balozi. Alilitaka tangu mwanzo, kasia lile lilikuwa la kupatania bei tu. Kapu la usipa nililobebeshwa lilinukia hadi Mbinga, na kwenye lori nilipewa nafasi kubwa ya kukaa.

Ofisini palikuwa na foleni, na kwenye foleni mlikuwemo baadhi yenu wa Mkumbi, msijifanye hamkuwepo. Nilimpa karani maelezo ya Yustino kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Akasoma shimo, akasoma tuta, akatikisa kichwa. "Hii inatosha," akasema. "Ulikuwa kazini. Shimo lilikuwa la jeshi."

Fikirini. Miaka kumi na mitano nililifuga bomu la watu bure.

Nikatoa bahasha ya pili. Akaisoma, akaziweka mbili sambamba, akaunganisha vidole. "Wewe unamshuhudia yeye, naye anakushuhudia wewe?"

"Ndiyo. Tulikuwa shimo moja."

"Hapo ni mapatano, mzee. Utaratibu haukubali. Mmoja akimshuhudia mwenzake, sawa. Mkishuhudiana, nazirudisha zote. Nipokee ipi?"

Nilimwambia mwingine aliyekuwepo amekwisha kufa. Akasema pole. Nilimwambia basi atunge utaratibu mwingine. Akasema hiyo si kazi yake, yake ni kuufuata huu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hata na mafua. Nyuma yangu mtu alisema mzee fanya haraka. Niliufikiria mteremko wangu, na mke wangu amebeba majani kichwani, na majirani wakiona. Ningependa kuwaambia nilimkumbuka Yustino mara moja. Nilikumbuka kwanza mteremko. Halafu nikaikumbuka ile miguu aliyokuwa akiitazama kwenye mganda.

Nikachukua karatasi iliyoandikwa juu ya mguu wangu, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Pokea ya masikio," nikasema.

Karani akachukua mhuri, akausimamisha hewani. "Hapa umeandika ulikuwa karibu. Karibu wapi? Shahidi lazima aseme alipokuwa, la sivyo hakuona kitu." Akanisukumia kalamu.

Mlikuwa mkinitazama, nyie mlioninunulia pombe. Nilifuta neno "karibu", nikaandika polepole ili lisomeke. Naye, kama walivyo makarani, akalisoma kwa sauti kabla ya kugonga mhuri:

"Nilikuwa ndani ya shimo nililolichimba mwenyewe, nimekwisha kuvunjika mguu, na Yustino ndiye aliyekuwa akinitoa."